Mtundu, muyombo au muba? Naombeni msaada kutofautisha hii miti ya miombo

Mrina_Sikonge

Mwangaluka wakuu, shikamooni wakubwa wote humu. Mimi ni mfugaji nyuki huku Sikonge, mkoa wa Tabora. Tuko kikundi cha watu 14, kijiji kimetupa eneo ndani ya msitu wa kijiji tutundike mizinga, sharti lao moja ni tuwaandikie orodha ya miti iliyomo, jina la kienyeji na jina la kisayansi kwa kila mti. Nikajitolea kuifanya hiyo orodha nikijua ni kazi ya wiki mbili, huu sasa ni mwezi wa pili na nimekwama, tena sijakwama kwenye miti ya ajabu, nimekwama kwenye miti iliyojaa kila mahali, miombo yenyewe.

Mninga naujua, mkora naujua, mkurungu naujua, hiyo hata usiku ntakuonyesha. Shida ni hii jamii ya Brachystegia, ndio jina la kisayansi la kundi lenye mtundu na muyombo. Tunatembea na mzee wetu mmoja wa hapa kijijini amerina asali tangu ujana wake, yeye anapita anagusa tu shina anasema huu mtundu, huu muyombo, huu muba, hasiti hata kidogo. Nikimuuliza babu umejuaje anacheka ananiambia "wewe mwanao unamjuaje?" basi naandika alivyosema, nikirudi nyumbani nafungua picha naingiza kwenye apu ya simu, mti uleule picha ya asubuhi inaniambia Brachystegia spiciformis picha ya jioni inaniambia Julbernardia, na mmoja ikaniambia ni mkwaju!!

Nikaamua kuhesabu vijani, maana hii miti jani lake moja lina vijani vingi vimejipanga jozi jozi. Nikapata mti wenye jozi 4, mwingine jozi 5, mwingine 9, mwingine 20 na kitu, alafu kuna kisiki njia ya kwenda kisimani kina machipukizi yana vijani vikubwa kama kiganja changu, jozi 6, wakati babu kasema hicho kisiki ni mtundu sawasawa na ule wa jozi 4. Kwenye daftari langu sasa hivi nna spishi 5 za Brachystegia, babu anasema ziko mbili na moja kati ya hizo zangu "sio ndugu yao kabisa". Nani yuko sahihi hapa?

Msione ni jambo dogo. Mwaka jana tulitundika mizinga 20 kwenye mwinuko mmoja tukiamini pale ni mtundu mtupu, tukakaa mwezi wa 9, wa 10, wa 11 tunasubiri maua, hakuna kitu, nyuki wakahama. Miti ilikuja kutoa maua mvua zikiwa zimekolea. Kwa hiyo kwangu jina la mti ndio kalenda yangu, nikikosea jina nimekosea mwaka mzima.

---

Bwana Miti Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Nimefanya kazi misituni zaidi ya miaka 30, miingi ya hiyo ni Tabora na Rukwa, na hilo swali lako kila kijana aliyekuja mafunzoni kwangu alilia nalo, kwa hiyo usijione umeshindwa. Jenasi ya Brachystegia, yaani kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu, ina spishi kama 30 hivi Afrika nzima na wataalamu wenyewe wanaiheshimu kwa ugumu wake.

Kwanza hicho kisiki kifute kwenye daftari, leo hii. USITAMBUE MTI WA MIOMBO KWA MACHIPUKIZI YA KISIKI wala kwa mche mchanga. Mti uliokatwa mizizi yake bado ni ya mti mkubwa, ina nguvu zote, inasukuma machipukizi machache, majani yanatoka makubwa kupita kiasi na hata idadi ya jozi inabadilika. Nimeona watu wanaandika spishi mpya kwa sababu ya shoka la mchoma mkaa. Chukua jani kutoka tawi la juu lililokomaa na linalopata jua, ukishindwa kupanda tumia manati au fimbo ndefu yenye ndoano, na usichukue jani moja, chukua kumi uhesabu yote.

Pili, umeanza kwa kuhesabu, hujakosea, lakini kabla ya kuhesabu angalia UKUBWA WA JOZI. Shika jani la mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, mara nyingi lina jozi 4, waweza kukuta 3 au 5. Anza pale linaposhikana na tawi nenda kwenye ncha. Jozi ya kwanza ndogo, ya pili imezidi, ya tatu imezidi, ya mwisho kabisa kwenye ncha ndio kubwa kuliko zote. Sasa shika jani la muba, hiyo ni Julbernardia globiflora, jozi zake 4 hadi 6, kwa hiyo ukihesabu tu utachanganya na mtundu kila siku ya Mungu. Lakini kwenye muba jozi kubwa ni za KATIKATI, ukifika kwenye ncha vijani vinapungua tena. Hili peke yake litakutatulia nusu ya daftari lako, na naamini ule mwinuko wenu wa mizinga 20 ulikuwa muba. Babu yako yuko sahihi, muba sio Brachystegia, ni jenasi nyingine, wanafanana kwa kukaa pamoja tu.

Tatu inua macho. Sasa hivi ni kiangazi, maganda yapo. Muba maganda yake ni ya kahawia yana manyoya laini kama mahameli na yamesimama JUU ya majani, ukiwa mbali unaona mti mzima umevaa kofia ya kahawia. Mtundu maganda yake hayana manyoya na yamejificha ndani ya majani, mpaka uyatafute. Mimi nilikuwa nikiendesha gari barabara ya Sikonge kwenda Ipole nawatenga hao wawili bila kushuka, kwa maganda tu.

Muyombo, Brachystegia boehmii, huo haukupi shida, ule wako wa jozi 20 na kitu ndio wenyewe karibu hakika. Vijani vyembamba vingi vimelala kama unyoya wa ndege, jani zima linaning'inia. Uhakikishe kwa gome: chanja kidogo vuta, linatoka uzi mrefu hauna mwisho, ndio kamba za kufungia mizinga na kuezekea.

Huo wa jozi 9 niachie kwanza, niambie umeota wapi, bondeni, tambarare au kwenye mawe?

---

Mrihi_Mmoja

Mimi niko Kilifi, huku kwetu msitu wa Arabuko-Sokoke kuna sehemu kubwa ya huu mti, Wagiriama tunauita mrihi. Bahati yetu huku pwani ya Kenya tuna spishi moja tu ya hiyo jenasi, spiciformis, kwa hiyo hatuumizi kichwa, ukiona mrihi ni mrihi. Lakini nimekuja kusema kitu kimoja, nilipoenda Tanzania mara ya kwanza, nadhani ilikuwa njia ya Songea, niliona mirihi nikafurahi nikamwambia dereva mbona hii ni miti ya kwetu, alafu nikaona na mingine na mingine nikawa siamini tena macho yangu. Yetu imekaa kwenye mchanga mweupe, imepinda pinda, mingi haijaenda juu sana, ile ya kule imenyooka mirefu ajabu. Nikabisha kabisa kwamba sio mti mmoja mpaka nilipookota jani nikaona zile jozi 4 na ile ya mwisho kubwa. Kwa hiyo umbo la mti lisikudanganye ndugu yangu, udongo unaubadilisha sana.

Na rangi pia. Watu wanapiga picha majani machanga mekundu wanasema ni aina ya mrihi mwekundu. Hakuna. Majani yakichipua kabla ya mvua yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine karibu waridi, mti na jirani yake wanatofautiana, ikipita wiki mbili tatu yote ni kijani.

---

Mrina_Sikonge

Mzee Bwana Miti Mungu akuweke. Nimesoma post yako saa 11 alfajiri nikachukua baiskeli hata chai sijanywa. NI KWELI. Ni kweli kabisa!! Nimekaa chini ya miti ya ule mwinuko na majani kumi mkononi, jozi za katikati ndio kubwa kwenye kila jani, nikainua macho maganda ya kahawia yamesimama juu kama ulivyosema, nikaligusa moja lililoanguka ni laini kama sikio la mbuzi. Miaka yote napita pale sijawahi kuyaona na yako juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo spishi zangu 5 zimebaki: mtundu (wa jozi 4, na kisiki nimekirudisha kwake), muyombo, na huu wa jozi 9. Ule wa jozi 5 umekuwa muba. Huu wa 9, iko miti kama 11 hivi, imekaa upande mmoja, pale tambarare inapoanza kuinuka kabla hujafika kwenye mawe. Majani mengine yana jozi 8, mengine 10, moja nimekuta 11. Vijani vyembamba kuliko vya mtundu ila vipana kuliko vya muyombo. Gome halitoi uzi vizuri, linakatika. Babu anaiita mtundu pia lakini leo nimembana sana, akasema "ni mtundu lakini sio mtundu wa mzinga". Nikamuuliza maana yake nini, akasema gome lake ukilibandua kutengeneza mzinga linapasuka.

---

Dada_Sampuli

Hapo kwenye "mtundu lakini sio mtundu wa mzinga" nimesimama nikapiga makofi peke yangu ofisini. Huyo mzee amefanya kazi ya mtaalamu wa mimea, ameona tofauti ndani ya kundi na ameitaja kwa kigezo anachokijua yeye, gome. Naomba uandike hayo maneno yake kama alivyosema kwenye orodha yenu, usiyarekebishe.

Mimi kazi yangu ni mimea iliyokaushwa, zile sampuli zinazohifadhiwa kwenye makabati kwa ajili ya kulinganisha, hebariamu. Nikwambie ukweli, makabati ya Brachystegia ndio yenye karatasi nyingi zilizokatwa majina na kuandikwa upya. Unakuta sampuli moja mtaalamu wa kwanza kaiita hivi, baada ya miaka 20 mwingine kaandika vile, wa tatu kaandika alama ya kuuliza. Hata kile kitabu cha kutambulia mimea ya Afrika Mashariki, juzuu aliyoandaa mtaalamu Brenan ikatoka 1967, ambayo mpaka leo ndio tunaanzia, ukifuata maswali yake ya ndiyo na hapana vizuri bado utafika mahali mti wako uko kote kuwili.

Sababu ni kwamba hii miti inazaliana yenyewe kwa yenyewe. Spishi zinazokaa pamoja na kuchanua kwa pamoja nyuki haulizi jina, anatoka huku anaingia kule, wanapatikana machotara wenye sura ya katikati, na machotara nao wanazaa. Mwaka 2021 ulitoka utafiti wa watu wa chuo kikuu cha Brussels walisoma DNA ya kloroplasti, ile sehemu ya kijani ya jani yenye DNA yake peke yake, wakakuta kwa spishi za miombo ile DNA inafuata zaidi MAHALI mti ulipo kuliko spishi yake. Yaani mtundu wa eneo fulani na muyombo wa eneo hilohilo wanaweza kufanana kloroplasti kuliko mtundu huo na mtundu wa mbali. Hiyo ni alama ya kuchanganyika kwa muda mrefu sana.

Kwa hiyo huo wako wa jozi 8 hadi 11 una njia mbili. Inaweza kuwa Brachystegia longifolia, ipo magharibi mwa Tanzania na jozi zake zinaangukia humo. Au ni machotara wa mtundu na jirani yake. Kukisia kwa kusoma post siwezi na sitaki. Tafuta haya:

kwenye kichipukizi kichanga (ncha ya tawi, sio kisiki) pale jani linapotokea kuna vijani viwili vidogo vya pembeni, kwenye Brachystegia vingi vina kama sikio kwa chini, vinaanguka mapema sana, ukivikuta piga picha na rula pembeni. Kisha ganda lililokomaa zima, upana wake na ule ukingo wa juu uliotanuka kama bawa. Kisha ua. Ua la Brachystegia ni dogo na halina petali za maana, tumba lake limefungwa na vifuniko viwili, likifunguka unaona nyuzi nyingi nyeupe tu, basi maua hayo utayapata mwezi wa 9 au wa 10.

Kausha sampuli mbili kwa kila mti, moja yako moja ututumie, weka katikati ya magazeti, ubadilishe magazeti KILA SIKU wiki ya kwanza. Na hii miti ina tabia ya kudondosha vijani ikikauka, ukifungua unakuta kijiti na rundo la vijani pembeni, idadi ya jozi imepotea. Kwa hiyo hesabu ukiwa porini na uandike palepale. Andika na mwinuko, udongo, rangi ya gome, urefu wa mti, tarehe, na jina la babu.

---

Mhondolo

Niko Morogoro karibu na msitu wa Kitulangalo. Naongezea la majina maana nilipata aibu kwenye hilo. Muba wenu wa Tabora huku tunaita mhondolo au mtondoro, na miyombo huku ni boehmii kama huko kwenu. Nilienda kusini nikasikia watu wanasema mtondo nikajua ni mtondoro kumbe kuna wanaoita hivyo spiciformis. Nikaandika ripoti nzima ya kikundi kwa makosa, tukairudia.

Alafu swali kwa dada Sampuli, haya majina hayatabadilishwa tena kama walivyofanya migunga? Maana tulizoea Acacia tukaambiwa sasa ni Vachellia na Senegalia, daftari zote zikawa za zamani.

---

Lushi_wa_Miombo

Jambo kwenu, mimi niko Lubumbashi, Katanga. Hilo la majina ndugu Mhondolo amesema kweli na huku inazidi. Wabemba wanaita spiciformis muputu. Na mutondo ni Julbernardia, lakini sio ile yenu ya globiflora, ni nyingine, paniculata. Kwa hiyo mtu wa Tanzania akisema mtondo na mtu wa huku akisema mutondo wanaweza kukubaliana saa nzima kila mmoja anaona mti wake kichwani.

Huku kwetu hiyo miti inaisha kwa makala, yaani mkaa. Mchoma makala hachagui, anakata yote, na baadae tunabaki na visiki tu, kwa hiyo lile onyo la mzee juu ya machipukizi ya kisiki kwetu ni gumu kulifuata, kuna maeneo karibu na mji hakuna mti mkubwa hata mmoja wa kuchukulia jani. Wanafunzi wanalazimika kwenda mbali. Nashauri wenye miti mikubwa bado, kama wewe wa Sikonge, mchukue sampuli sasa.

---

Dada_Sampuli

@Mhondolo jina la Brachystegia lenyewe limetulia, halina mgogoro. Kilichobadilika ni pale juu, kwenye familia. Zamani tuliiweka kwenye kundi la Caesalpinioideae, mwaka 2017 wataalamu wa jamii ya kunde walipanga upya familia nzima ikapewa kundi lake, Detarioideae. Humo yumo mtundu, muyombo, muba, mkora na MKWAJU. Mninga hayumo, uko kundi la maharage. Kwa hiyo @Mrina_Sikonge ile apu iliyokuambia mkwaju ilikosea mti, ila ilimpata binamu.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa nyuki nikupe hii. Jina boehmii la muyombo linatokana na Richard Böhm, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa wanyama, alizunguka huko kwenu Unyamwezi na Ugalla mwanzoni mwa miaka ya 1880 akafariki Katanga mwaka 1884. Kuna na keremkerem amepewa jina lake, Merops boehmi. Mti unaowalisha nyuki wako na ndege anayewala wamebeba jina la mtu mmoja. Ila jina la muyombo Wanyamwezi walikuwa nalo zamani kabla yake, na ni ndugu wa jina la misitu yote hii mpaka Angola na Msumbiji, miombo.

---

Mama Uyoga

Na mimi niulize, huku kwetu tunaokota uyoga chini ya hii miti mvua zikianza, ule wa rangi ya chungwa. Mama yangu alisema uyoga huo unafuata mtundu, hautoki chini ya mninga. Je hauwezi kusaidia kutambua mti?

---

Bwana Miti Mstaafu

Mama yako alisema kweli mama, mizizi ya mtundu na uyoga ule imeshikana, uyoga unaupa mti maji na chakula cha udongoni, mti unaupa sukari, na mninga haumo kwenye makubaliano hayo na uyoga wa aina hiyo. Lakini kwa kazi ya kijana wetu hautatusaidia, kwa sababu mtundu, muyombo na muba wote wanashirikiana na uyoga wa namna hiyo. Utamtenga mninga na mtundu, hutamtenga mtundu na muba.

@Mrina_Sikonge nikirudi kwenye ile miti 11, mahali ulipotaja, tambarare inapoanza kuinuka, ndipo spishi zinapokutana, na machotara nimewaona zaidi sehemu kama hizo kuliko katikati ya tambarare. Panda mpaka kwenye mawe uangalie juu kuna nini. Ukikuta mti wenye vijani vidogo sana, jozi zaidi ya 30, kama jani la mkakaya, hiyo ni Brachystegia microphylla, inapenda miamba. Ukikuta mwenye gome laini jeupe-jeupe linalobanduka vipande nijulishe haraka.

---

Mrina_Sikonge

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya, mtandao huku ni mpaka upande mlima na safari hii nilikuwa na mlima wa kupanda kweli.

Tulikwenda watatu, mimi, babu na binti mmoja wa kikundi anayeandika vizuri, siku tatu. Tumekausha sampuli za miti 23. Ni kweli vijani vinadondoka, sampuli ya muba siku ya pili nilifungua gazeti nikakuta kijiti kitupu, kama tusingehesabu porini tungekuwa tumepoteza. Binti ameandika kwa kila mti jozi za majani kumi, na safu ya mwisho ya daftari tumeiweka "maneno ya babu". Humo kuna vitu sikuwa navijua kabisa, mfano kuhusu muyombo babu anasema usikate kamba wakati majani machanga yanatoka maana gome halishiki, na mtundu ukibanduliwa gome kuzunguka pande zote unakufa, yeye ameacha kutengeneza mizinga ya magome miaka mingi sababu alihesabu mitundu aliyoiua. Alituonyesha mmoja umesimama mkavu, mweupe, alama ya panga bado inaonekana. Alikaa pale kidogo hakusema kitu.

Juu kwenye mawe hatukukuta huo wa gome jeupe lakini tumekuta wa vijani vidogo, nilihesabu jozi 38 nikakosea nikaanza upya nikapata 41. Nashukuru mzee. Kwa hiyo miti ya uhakika tumeandika mtundu, muyombo, huo wa mawe, na muba kwenye ukurasa wake tofauti.

Ile 11 tuliizungukia yote. Hapa naomba msikilize. Miti 7 inafanana sana, jozi 8 hadi 11, vijani karibu vinalingana kutoka mwanzo mpaka mwisho. Lakini minne iliyobaki, iliyo upande wa chini karibu na mitundu, jozi ni 5 hadi 8 kwenye mti MMOJA, na ile ya mwisho kwenye ncha imeanza kuzidi nyingine, sio sana kama mtundu, ila ukiiweka kwenye rula inazidi. Maganda tumepata ya ile 7 tu. Nilimwambia babu kuhusu machotara, nikamweleza nyuki anatoka mti huu anaingia ule. Akaniangalia akasema hiyo sasa ndio amesikia leo lakini haimshangazi, mbuzi wake nao hawaulizi.

---

Dada_Sampuli

Hiyo 7 kwa maelezo hayo naelekea longifolia, nikiona ganda ntasema zaidi. Hiyo 4 usiipe jina. Andika Brachystegia tu, na namba ya mti, na alama ya kuuliza, hiyo ni taarifa kamili na ni ya kweli kuliko jina la kubahatisha. Ifungie kitambaa kila mmoja usiisahau. Umechukua jipiesi, yaani vipimo vya mahali kila mti ulipo?

---

Mrina_Sikonge

Nimechukua. Na tumefunga vitambaa vyekundu, namba 17, 18, 19 na 20. Sampuli zinakuja kwa basi Jumatatu, boksi lina magazeti mengi humo lisiwashangaze.

Kikundi kimekaa jana jioni tumekubaliana mizinga 8 tuihamishie karibu na hiyo minne, kila mmoja ana mizinga yake shambani kwake ila hii 8 ni ya wote, na binti atakuwa anapita kila baada ya siku nne kuanzia mwisho wa mwezi wa 8 kuangalia majani machanga na vile vijani vya masikio, alafu maua. Tukiona ya kwanza yamefunguka ntaandika hapa siku hiyohiyo na mtundu wa jirani umefungua tarehe ngapi.